Jiwe la Pale Wanapovua Viatu

Ukimkaribisha Kisigino nyumbani kwako, usitegemee akuangalie usoni kwanza. Atavua viatu mlangoni, ataingia, na kabla hajaitikia karibu yako atagonga sakafu kwa kisigino mara moja, mara mbili, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza hodi. Kigae kilicholala vizuri juu ya saruji hutoa sauti iliyoshiba. Chenye uwazi chini yake hulia kama debe. "Hapa chini hamna kitu," atakwambia, na hapo ndipo atakusalimu.

Jina alilopewa na wazazi wake majirani walishalisahau. Yeye mwenyewe hana neno. Anasema jina la kazi ni tangazo la bure. Ni fundi wa sakafu, mama wa miaka hamsini na sita, magoti yake yana sugu kama nyayo. Wengi wetu tunatembea juu ya kazi yake kila siku na hatujui.

Nina habari yake moja nataka kuwasimulia. Mwenyewe huieleza akiwa ameangalia chini, na si kwa ajili ya vigae.

Ufundi alirithi kwa baba yake, mwashi aliyejulikana kwa jina la Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye kipande cha risasi ambao waashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Mzee alitembea nao mfukoni hata akienda msibani. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo mara mbili, alikujibu mara moja, tena nusu.

Mtu huyu alikuwa na mazoea yake. Kila juma, siku yake ya kupumzika, alivaa shati safi, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye hekalu la Makalasinga, lile jengo jeupe lenye kuba karibu na stesheni, lenye mlingoti mrefu uliovishwa kitambaa tangu chini hadi juu. Alirudi alasiri, ameshiba, ncha za vidole zimekunjamana. Mke wake hakumuuliza. Binti yake naye hakuuliza, maana majibu aliyapata shuleni bila kuyaomba.

"Baba yake anakula bure kwa Makalasinga," watoto walisema. "Anakaa chini, mstari mmoja na ombaomba."

Na ilikuwa kweli. Jiko la hekalu lile halimfungii mtu. Anayekuja analishwa, awe wa dini yoyote au asiwe na dini, na wote hukaa sakafuni goti kwa goti, mwenye maghala na asiye na hata kikapu. Mwalimu wao wa kwanza ndiye aliyewafundisha hivyo, karne nyingi zilizopita, ili mtu asile akiwa juu ya mwenzake. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili angeyajulia wapi hayo? Alichokijua ni kicheko cha wenzake.

Siku moja alikuwa na rafiki zake watatu barabara ya stesheni. Timazi akatoka katika lango la hekalu, akamwona mwanawe, akainua mkono. Binti akageuza uso, akakazia macho dirisha la duka la kamba na misumari kana kwamba anataka kununua duka zima. Katika kioo aliuona mkono wa baba yake ukishuka polepole, ukafika kwenye kola ya shati, ukajifanya ulikuwa unaitengeneza.

Nyumbani hakuna aliyetaja. Ila tangu siku ile Timazi alikwenda hekaluni kwa njia ya nyuma.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akashika mwiko, akawa fundi kumshinda fundi. Timazi akafariki, sasa ni miaka kumi na tisa. Kisigino alimlilia kama unavyomlilia mzazi, akarithi ule uzi wa risasi, na lile dirisha la duka akalifunika moyoni kama unavyofunika kigae kibovu kwa zulia.

Mwaka juzi bomba lilipasuka chini ya baraza ya hekalu lile. Mawe ya marumaru yakazama, waumini wakaanza kujikwaa, zulia la mpira likatandikwa kuwasaidia, na baada ya miezi miwili mitatu ikaonekana zulia si dawa. Wakatafuta fundi. Wakaambiwa, kama mnataka mtu wa marumaru, ni Kisigino tu.

Alikwenda na msaidizi wake wa siku zote, mtu mzima anayeitwa Polepole, ambaye kwa kweli ni mwepesi kila mahali, hasa mdomoni. Mlangoni kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea viatu, chenye rafu na vibati vya namba. Ndani yake alikaa bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, mtandio mweupe kichwani, anafuta viatu vya watu kwa kitambaa. Akapokea mabuti ya Kisigino yaliyoganda saruji, akaanza kuyafuta.

"Shikamoo Bibi. Hayo acha tu, ni ya kazi, yatachafuka tena."

"Marahaba. Hata sahani huchafuka tena, fundi, na bado tunaziosha."

Walipovuka kizingiti Polepole akanong'ona, "Unamjua huyo? Nusu ya maghala ya huku stesheni ni yake."

"Mwenye maghala akufutie wewe buti?"

"Langu kalifuta mpaka soli. Mke wangu hajawahi kunipenda hivyo."

Aliyewapokea alikuwa Msomaji, mtu mpole wa ndevu nyeupe, ambaye kazi yake ni kukisoma na kukitunza Kitabu chao. Aliwapa vitambaa vya kichwa, akawaonyesha ukumbi. Kisigino alitegemea kukuta sanamu. Hakukuta hata moja. Mbele kulikuwa na kiti cha enzi chenye mito na paa la kitambaa juu yake, na juu ya mito Kitabu, kimefunikwa kwa hariri.

"Tulikuwa na walimu kumi," Msomaji alieleza. "Wa kumi alipokaribia kuondoka duniani aliagiza kwamba baada yake asitafutwe mtu mwingine. Mwalimu wetu ni hiki Kitabu, mpaka leo. Kwa hiyo asubuhi tunakileta hapa kwa heshima, na jioni tunakipeleka chumbani kwake kipumzike. Kina kitanda chake."

"Kitabu kina kitanda," alisema Polepole, "na mimi nina mkeka."

"Na wewe ukifundisha watu miaka mia tatu bila kuchoka, tutakutandikia," Msomaji akamjibu, na wote wakacheka, isipokuwa Kisigino, ambaye alikuwa anagonga sakafu kwa kisigino.

Kazi ikaanza, waumini wakipitia mlango wa pembeni. Mawe ya baraza mengi yalikuwa yamechongwa maandishi ya Kikalasinga. Kisigino hawezi kuyasoma. Akayachukulia kuwa mapambo. Aliyapa namba kwa chaki, akayang'oa, akatengeneza chini, akayarudisha kila moja mahali pake. Kuuliza yanasema nini, hakuuliza. Fundi mzuri haulizi maswali ya mwenye nyumba, ndivyo baba yake alivyomlea, na mara hii malezi mazuri yakamponza.

Siku ya nne alifika kizingitini. Alikunja zulia la mpira, akafagia mchanga, akaona jiwe lililolika katikati kwa nyayo. Juu lilikuwa na mstari wa Kikalasinga. Chini ya mstari ule, kwa herufi za kawaida: TIMAZI MWASHI.

Alikaa juu ya magoti yake muda mrefu. Kisha akamwambia Polepole aende kuongeza mchanga.

"Mchanga upo wa kutosha."

"Kaongeze."

Alichokifikiria wakati ule alikieleza baadaye bila kujitetea. Alifikiri: wamemfukia baba yangu mlangoni. Kila Kalasinga, kila mgeni, kila ombaomba, miaka yote hii anamkanyaga jina, na yeye akija kila juma kuomba chakula kwa watu wanaofuta nyayo zao juu yake. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona giza. Baadaye alikiri kwamba nusu ya hasira ile haikuwa ya Makalasinga. Ilikuwa ya yule msichana wa dirisha la duka, iliyokuwa inatafuta mtu mwingine wa kumwangukia.

Aliling'oa jiwe kwa patasi, akalifunga kwenye mfuko wa saruji, akalisukuma kwa toroli mpaka kwake. Pale kizingitini akaweka marumaru mpya, nyeupe, laini, isiyo na neno.

Nyumbani alilijenga ukutani, sebuleni, juu ya kabati, mahali ambapo hata mtu mrefu halifikii kwa mkono. Shangazi yake, dada wa Timazi, alipokuja kuliona alilia akajifuta kwa kanga.

"Umempandisha kaka yangu," alisema. "Waliomshusha wataona haya wao."

Kwa siku kumi Kisigino alikula akiwa anatazama juu. Majirani waliletwa kuona. Kila aliyeingia alisimuliwa.

Kisha ikawa asubuhi ya kukabidhi kazi. Msomaji alikuwepo, waumini kama ishirini walikuwepo. Bibi wa Viatu akatoka kwenye chumba chake kwa fimbo, aingie wa kwanza. Alipofika kizingitini aliinama, taratibu, kwa namna mgongo wa miaka hiyo unavyoruhusu, akagusa jiwe ili apeleke vidole kwenye paji la uso. Vidole vikasita. Vikapapasa kulia, vikapapasa kushoto, kama mtu anayetafuta miwani kitandani.

"Fundi," alisema bila kuinuka. "Jiwe la hapa liko wapi?"

Watu wote walimtazama Kisigino. Ilikuwa rahisi kusema kweli, alikuwa na hasira ya kutosha. Lakini uso wa yule bibi haukuwa uso wa mtu aliyemdharau mtu, na Kisigino akajikuta amesema, "Lilivunjika, Bibi. Wakati wa kung'oa. Nimelitupa kwenye kifusi."

Bibi akainuka kwa fimbo yake. Halafu akasema, "Vipande vitakuwepo," akageuka, akazunguka nyuma ya jiko, akafika kwenye rundo la kifusi, akaweka fimbo chini, akapiga magoti. Waumini wakamfuata. Watu wazima, wengine na suti zao, wakaanza kufukua mawe na saruji kwa mikono mitupu.

Kisigino alisimama pembeni. "Bibi, inuka, utajikata. Jiwe moja tu. Nimeweka jingine zuri zaidi."

"Keti hapa," bibi alimwambia, akapigapiga kipande cha tofali ubavuni mwake. "Wewe ni fundi, utaelewa. Waliojenga hekalu hili walikuwa mafundi kama wewe. Maseremala, wahunzi, watu walioletwa kutengeneza reli. Hekalu la kwanza lilikuwa la mabati, walilijenga baada ya saa za kazi. Kitabu kilikuja kwa behewa la mizigo, siku tatu, na hakikuwekwa chini hata mara moja. Walikibeba kichwani kwa zamu, wamesimama, treni inawatupa huku na huku. Mimi nilikuja bibi harusi, miaka sitini na mitano iliyopita, mabati yanabomolewa na hili la mawe linainuka."

Huku anasema, mikono yake haikuacha kufukua.

"Aliyelaza sakafu hakuwa mtu wa dini yetu. Kijana mwashi, hasemi, mfukoni ana uzi wake wa risasi. Mvua zikaja, kuba haijafungwa, wenzake wote wakaondoka. Yeye akabaki, wiki sita, analala humo humo na mifuko ya saruji ili isilowe. Bila yeye saruji ingeganda na sakafu isingelazwa. Sasa, kwetu sisi majina ya waliotoa hayapandi ukutani. Yanawekwa chini. Yale mawe yote uliyorudisha ni majina, hukujua? Mtu anaomba akanyagwe na wanaokuja kumkumbuka Mungu, vumbi la miguu yao liwe juu yake. Na jiwe kubwa kuliko yote ni la mlangoni. Neno lenyewe gurudwara, jina la hekalu kwa lugha yetu, ni mlango wa mwalimu. Baba mkwe wangu ndiye aliyetoa marumaru, akaliomba hilo la mlangoni. Waumini wakamnyima. Wakampa mwashi. Baba mkwe alinuna mwaka mzima." Bibi akatabasamu kidogo. "Jiwe lake liko pale barazani, linalofuata la mlangoni. La pili."

Kisigino akageuza shingo kuelekea barazani.

"Na yule mwashi hakutuacha," bibi aliendelea. "Kila juma alikuja. Anakula pamoja nasi, halafu anakwenda nyuma kuosha sahani. Mia tatu, mia nne. Nilizoea kusimama naye, yeye anaosha, mimi nasuuza. Alikuwa na binti. Alisema mkono wa binti yake kwenye mwiko utakuja kuushinda wake. Nikamwambia, basi njoo naye siku moja alione jina la baba yake. Akasema, hapana, anaona haya nikija huku. Nikamuuliza, haya ya nini? Akasema, ni mtoto, wacha akue, atakuja mwenyewe." Bibi alitupa kipande cha saruji pembeni. "Sijui kama alikuja."

Sasa nyie mnaonisikiliza mngefanyaje? Kisigino alisimama, akasema ana udhuru, akaondoka. Alimwacha bibi wa miaka themanini na nne kwenye kifusi, anatafuta vipande vya jiwe zima.

Alifika kwake jua likiwa bado juu. Shangazi alikuwa sebuleni, amemletea mgeni wa kumwonyesha jiwe. Kisigino hakusalimu. Aliegemeza ngazi ukutani, akapanda na nyundo na patasi.

"Unafanya nini?" aliuliza shangazi.

"Nalirudisha."

"Wapi?"

"Chini."

"Unataka kumshusha baba yako mara ya pili?"

"Mara ya pili ndiyo hii niliyompandisha, Shangazi. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Akamsimulia, yupo juu ya ngazi, mgongo umewaelekea: sahani, dirisha la duka, mkono uliofika kwenye kola. Mgeni akaangalia vidole vya miguu yake. Saruji ilipoanza kuachia, shangazi akasema, "Alirudi na vidole vimekunjamana kila juma, na mimi nikidhani wanamfulisha nguo. Sisi wote tulikuwa tunalo jibu mkononi mwake." Akashika ngazi isiyumbe.

Jiwe lilitoka. Lakini alikuwa amelijenga kwa saruji kali, isidondoke kamwe, na pembe moja ikabaki ukutani. Alidanganya kwamba limevunjika, na sasa limevunjika kweli, kwa mkono wake.

Kesho yake ilikuwa siku ya ibada. Alikwenda asubuhi, baraza imejaa, yeye na toroli lake. Angeweza kumvizia Msomaji faraghani. Alitaka. Anasema miguu ilijaribu kupita njia ya nyuma, ndipo akakumbuka nani alilazimika kuipita ile njia, akaenda lango la mbele.

Bibi wa Viatu alikuwa dirishani. Vidole viwili vimefungwa kitambaa.

"Jiwe halikuvunjika nilipoling'oa," alisema Kisigino, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, watu wakageuka. "Nililiiba. Nilidhani mnamkanyaga. Huyu ni baba yangu, na binti mwenye kuona haya ni mimi. Pembe nimeivunja jana alasiri, wakati wa kulitoa ukutani kwangu."

 Polepole, aliyemfuata na ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji, akaitua chini.

Bibi aliitazama mikono ya Kisigino. Kisigino alingoja maneno makali, akayatamani kabisa, maana mtu aliyekutukana mmelipana.

"Una mikono yake," bibi akasema. "Ningekutazama mikono badala ya kuongea sana, ningejua."

"Nipeni adhabu."

"Mwenye dini yetu akikosa, anasimama mbele ya wenzake kama ulivyosimama, anapewa kazi. Kuosha sahani, kufuta viatu. Wewe si wetu, siwezi kukuhukumu." Akasogea kwenye benchi lake, nafasi ikapatikana. "Lakini vidole vyangu vinauma, na viatu ni vingi."

Kwanza alilirudisha jiwe. Alipima kwa pimamaji, akalilaza, akaligonga kwa mpini wa nyundo pembe tatu, na ya nne akaijaza saruji tupu. Msomaji alisema wangeweza kutafuta marumaru ya kufanana. Kisigino akaomba paachwe hivyo hivyo, paonekane.

Waumini walingoja. Mafundi wanajua, na Makalasinga wale, wajukuu wa mafundi, walijua pia: jiwe halikabidhiwi kabla aliyelilaza hajasimama juu yake. Kisigino alivua mabuti. Alisogea, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Shangazi, aliyekuja nyuma yake bila kualikwa, akasema kwa sauti ya chini, "Kanyaga, mwanangu. Si ndicho alichotaka?"

Akakanyaga. Aligonga kwa kisigino mara moja, akainamisha kichwa. Sauti ilikuwa imeshiba. Lakini hakuinua kichwa upesi. Alibaki hivyo, peku juu ya jina la baba yake, anasikiliza, mpaka bibi akasema kutoka dirishani kwamba viatu vinamsubiri.

Ukienda leo siku ya ibada utamkuta, benchi moja na yule bibi, kitambaa mkononi. Wanaopita wengi hawamjui. Zamani kidogo alipita mmoja wa wale rafiki zake watatu, sasa mama mwenye wajukuu, amekuja na wageni kuona jengo. Alimtambua Kisigino, akaona buti la mtu mkononi mwake, akageuza uso haraka, akatazama mlingoti.

Kisigino hakumwita. Alipokea viatu vyake, akavifuta mpaka soli, akampa kibati cha namba.